Bahasha ya Petro Kalonda

Vijana wangu mnaokuja hapa kwangu Mwanga, Kigoma, na mifuko ya nailoni imejaa stempu, mkiniuliza ipi ya Mjerumani na ipi ya Mwingereza, naona bora niwaandikie kabla macho hayajaniacha kabisa. Nilikaa posta miaka mingi, kaunta na chumba cha kupanga barua, tangu enzi za Mwingereza, ukaja Uhuru, hadi baada ya watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa. Miaka yote hiyo nilikusanya stempu za kikoloni. Mkinitazama mnadhani nina mengi ya kujivunia. Nina jambo moja la kuwaambia, ila nitaanza na mepesi, kwa sababu lile zito hata leo sijui linashikwa wapi.

Mliniuliza kuhusu alama ya maji. Karatasi ya stempu nyingi za Mwingereza ilitengenezwa na alama ndani yake, taji na herufi, na kwa macho huioni. Unailaza stempu kifudifudi kwenye kisahani cheusi, unadondosha tone la petroli, na alama inajitokeza kabla petroli haijakauka. Stempu mbili zenye picha ileile ya twiga zinaweza kutofautiana hapo tu: moja alama imesimama, nyingine imelala. Hayo ni kweli. Lakini mimi siku yangu ya kwanza nilifanya hivyo jikoni, mke wangu akiwa anapika maharage kwenye jiko la mkaa. Stempu ilipona. Nyusi zangu hazikupona. Kesho yake nilihudumia watu kaunta nikiwa na uso kama yai, na mke wangu akawa anawaambia majirani kwamba mume wake ameunguzwa na twiga.

Aliyenitia katika mambo haya alikuwa karani mkuu wetu, Bwana Mendes, Mgoa mwembamba aliyevaa tai hata joto likiwa la kuyeyusha lakiri. Yeye ndiye aliyenifundisha kuhesabu meno. Yale matundu yanayotenganisha stempu na mwenzake, ukiichana yanabaki meno pembeni. Unapima sentimita mbili kwa rula na kuhesabu. Tofauti ya jino moja inaweza kuwa tofauti ya stempu iliyojaa kila droo na stempu ambayo hutaiona tena maishani. Siku moja nikamkimbilia na stempu ya twiga ambayo upande mmoja haukuwa na jino hata moja. Akaweka lenzi yake jichoni, akaitazama kwa muda mrefu sana.

"Hongera, Yohana," akasema. "Umegundua mende. Amekula upande wote."

Halafu kuna ile stempu ya jahazi, ya wakati wa Mfalme Joji wa Tano, iliyotumika nchi zetu tatu kwa pamoja. Hiyo picha ni moja, lakini ilichongwa mara mbili. Tazameni kamba ya upande wa kushoto. Kwenye nyingine kamba haigusi tanga, kwenye nyingine inagusa. Ni nafasi ndogo kama unywele wa mtoto. Bwana Mendes alinipa stempu sita, akaniambia nisirudi kwake mpaka nimezitenganisha. Nilikaa nazo siku nne. Baada ya hapo nikawa siwezi kushika bahasha yoyote bila kuitia lenzi kwanza, hata kaunta, hata foleni ikiwa imefika mlangoni. Bibi mmoja wa Simbo, aliyekuwa akimtumia mwanawe barua kila mwezi, akanipigia kelele: "We mwana, barua yangu unaituma au unaibusu?"

Watu walicheka, na mimi nilicheka. Leo nikikumbuka sicheki. Maana ugonjwa ulikuwa umeshaanza, na mimi niliuita utaalamu.

Bwana Mendes alinipa onyo moja tu katika miaka yote. Stempu iliyo peke yake, alisema, iloweke upendavyo. Lakini ya zamani iliyo kwenye bahasha yake iache hapo hapo. Mhuri nusu uko juu ya stempu na nusu juu ya bahasha, na anwani iko chini yake. Ukitenganisha, unabaki na vipande viwili visivyosema kitu. Nilimwitikia ndiyo. Miaka michache baada ya Uhuru akarudi kwao, akaniachia lenzi na kibano chake, nami nikawa ndiye mtu wa stempu Kigoma nzima. Walimu waliniletea, wauza duka waliniletea, hata padri mmoja aliniletea bahasha za marehemu mwenzake.

Na Petro Kalonda akaniletea ya kwake.

Kalonda alikuwa mfanyabiashara wa dagaa Kibirizi. Baba yake alikuwa fundi mitumbwi aliyevuka kutoka upande wa Kongo na kukaa Ujiji tangu zamani, na Petro mwenyewe alizaliwa Ujiji, akabatizwa huku, akaoa huku. Baba alifariki Petro akiwa bado mdogo. Tulijuana kwa sababu alikuwa hajui kusoma vizuri, na kila alipopata barua alinisubiri nitoke kaunta nimsomee nje, kwenye ngazi. Hakuwahi kuja mikono mitupu. Dagaa wake nimewala sana. Mke wangu alipojifungua mtoto wetu wa pili na hali ikawa mbaya, Petro ndiye aliyekwenda kutafuta gari.

Siku hiyo alikuja mchana, akafungua kitambaa, ndani kuna bahasha ndogo ya rangi ya majani makavu.

"Ya baba," akasema. "Mama aliificha miaka yote. Baba alitumiwa na mtu wa Usumbura, kule kaskazini ya ziwa, aliyemwagiza mtumbwi. Nisomee, Yohana. Nataka kujua ni ya mwaka gani, na jina la baba limeandikwaje."

Vijana, naomba mnielewe nilichokiona. Wajerumani walipoondolewa Kigoma katika vita vya kwanza, waliokaa hapa mwanzo ni Wabelgiji, kabla ya Mwingereza. Hawakuwa na stempu za nchi hii. Wakachukua za Kongo, wakazigonga juu maneno meusi ya lugha mbili kueleza kwamba hapa ni eneo waliloliteka. Ilikuwa moja ya hizo, yenye picha ya mtumbwi mtoni. Mimi nilikuwa nayo tayari moja kama hiyo, ya kawaida. Lakini ya Petro meno yake yalikuwa yamebanana zaidi. Niliona hata bila rula.

"Niachie siku mbili," nikamwambia. "Maandishi yamefifia. Nitayasoma vizuri kwa lenzi."

"Hata wiki," akasema. "Kwako iko salama."

Jumapili mchana mke wangu akiwa kanisani, nikapima. Yangu ilikuwa na meno kumi na nne. Ya Petro ilikuwa na kumi na tano. Nikakaa nimeitazama hadi shingo ikauma. Sitawadanganya kwamba nilitaka kuitazama tu upande wa nyuma kisha niirudishe. Nilishaitoa yangu kwenye albamu na kuiweka mezani tayari. Nilijiambia: picha ni ileile, maneno ni yaleyale, Petro hatajua tofauti ya jino moja, wala haimhusu. Nikachukua bakuli la maji ya uvuguvugu na, kwa pupa, badala ya kulowesha kona tu, nikaizamisha bahasha nzima.

Anwani ilikuwa imeandikwa kwa ile penseli ya wino ya zamani, ambayo ikikauka ni ya kijivu na ikipata maji inageuka zambarau. Niligeuka kuchukua kibano. Nilipotazama tena, maji yote yalikuwa ya zambarau. Nikaitoa bahasha mbio, nikailaza juu ya taulo, nikaipepea. Mahali palipokuwa na jina palibaki wingu. Hapakuwa na herufi hata moja. Neno Ujiji nalo lilikwenda.

Mnajua nilifanya nini baada ya hapo? Nilihakikisha kwanza kwamba stempu haikuharibika.

Haikuharibika. Nikaikausha, nikaificha. Nikaibandika yangu kwenye bahasha mahali palepale. Petro alipokuja nikamwambia karatasi ilikuwa na unyevu wa miaka mingi, wino umejifia wenyewe nilipoifungua kwenye hewa. Akaigeuza geuza.

"Na jina hukuwahi kulisoma?"

"Sikuwahi."

Hilo lilikuwa kweli. Ndilo jambo ambalo sijalizoea hadi leo. Aliniletea jina la baba yake nimsomee, likawa mbele ya macho yangu siku mbili mchana na usiku, nami nilitazama kona ya juu kulia tu.

"Basi," akasema. "Karatasi nayo huchoka." Akanipa dagaa, akaondoka.

Sikumwuliza kwa nini aliitaka bahasha ile wakati ule, baada ya miaka yote. Ningemwuliza angenijibu. Ilikuwa wakati watu wanaandikishwa kwenye vijiji vipya, na yeyote ambaye majirani walimwita mtu wa ng'ambo alitakiwa aeleze asili yake. Petro alikuwa ameitwa kwenye ofisi moja hapa mjini. Wazee watatu wa Ujiji walikuwa wamekubali kumshuhudia, lakini aliambiwa angekuwa na karatasi yoyote ya zamani ingesaidia sana. Karatasi ya zamani aliyokuwa nayo ni ile. Hata ikiwa imefutika jina, aliipeleka. Alidhani stempu na mhuri wa enzi za Wabelgiji vinatosha kuonyesha kwamba baba yake alipokea barua huku.

Wiki chache baadaye nikaitwa kaunta. Tarishi wa ofisi ile alikuwa na ujumbe: wananiomba nifike, wana jambo la stempu.

Afisa alikuwa kijana mpole, mgeni mkoani, na alinipokea kwa heshima. Petro alikuwa amekaa kwenye benchi karibu na ukuta, amevaa shati lake la kanisani. Aliponiona uso wake ulifunguka. Aliinuka, akaniamkia kwa Kiha, jambo ambalo alilifanya akiwa na furaha tu: "Mwakeye, Yohana!" Kisha akamwambia afisa, "Huyu sasa ndiye anayejua."

Afisa akasogeza bahasha mbele yangu. "Mzee Yohana, wanasema hakuna anayezijua stempu kama wewe. Hii ni ya kweli?"

"Ni ya kweli."

"Na bahasha?"

"Nayo ni ya kweli."

"Mbona mhuri haukutani?" Akaweka ncha ya kalamu. "Nusu duara hii hapa kwenye karatasi, na nusu hii juu ya stempu. Hazifanyi duara moja. Mimi si mtaalamu, ndiyo maana nimekuita."

Nilitoa lenzi, ingawa sikuihitaji. Nusu iliyokosekana ilikuwa nyumbani kwangu, ndani ya albamu, ukurasa wa kwanza. Mwendo wa nusu saa kwenda na kurudi. Ningesema, "Nisubirini," nikaileta, nikaiweka, mhuri ungekutana, mji ungesomeka na tarehe ingesomeka. Ningeaibika. Labda ningefukuzwa kazi. Nilikuwa na watoto wanne, na tetesi zilikuwepo kwamba nitapewa ukarani mkuu, kiti cha zamani cha Bwana Mendes.

"Yohana," Petro akasema kutoka kwenye benchi, kwa sauti ya mtu anayemkumbusha mwenzake kitu kidogo, "waambie jina lilikuwepo. Nilikuletea likiwa limeandikwa, likafutika kwako. Waambie lilikuwa Kalonda."

Afisa akanitazama. "Ulilisoma?"

Kwa wiki kadhaa nilikuwa nimemdanganya Petro bila kigugumizi. Uongo mmoja zaidi, neno moja, ndiyo, ungemwokoa. Na hapo ndipo nikawa mkweli.

"Sikulisoma," nikasema.

"Na stempu hii?"

"Haikuwa ya bahasha hii. Imebandikwa baadaye."

Afisa akaandika. Nilimsikia Petro akivuta pumzi kama mtu aliyekanyaga maji ya baridi.

"Iangalie tena," akasema mwishowe, taratibu.

Niliinama, nikaiangalia tena, kwa lenzi, muda mrefu. Nikatikisa kichwa.

Wazee wa Ujiji walikuwa nje kwenye kivuli cha ukuta wakisubiri kuitwa. Hawakuitwa. Afisa alisema mtu aliyeleta karatasi ya kughushi hawezi kuaminiwa, wala mashahidi aliowaleta mwenyewe. Hakusema kwa ukali. Mahali pake, kwa maneno niliyompa, hata mimi ningesema hivyohivyo.

Nje Petro alinipa mkono. Nilitegemea anitukane. Alisema tu, "Umesema ulichokiona," akaelekea Kibirizi kwa miguu.

Akavuka ziwa kabla ya mvua, yeye na mke wake. Binti yao mdogo, Feza, aliachwa Ujiji kwa shangazi yake, kwa mpango kwamba watamfuata maisha yakikaa sawa kule. Asubuhi waliyoondoka mimi nilikuwa kaunta nagonga mihuri. Watu waliniambia walibeba nyavu mbili na sufuria. Nami nikapewa kiti cha Bwana Mendes.

Mtauliza kama sikujaribu kurekebisha. Nilijaribu, nikiwa nimechelewa vya kutosha kuwa salama. Afisa yule alipohamishwa nikaandika barua ofisini kueleza yote. Jibu lilikuwa mistari miwili: jalada limefungwa, mhusika hayupo nchini. Nikamwandikia Petro mara tatu, kwa majina ya vijiji nilivyoambiwa na wavuvi. Barua zote zilinirudia, na mihuri ya kule mgongoni. Ninyi mngezitamani bahasha zile. Mimi nilizitia motoni.

Nilipostaafu nikajiambia siwezi kufa na siri hii. Nikaichukua ile stempu, nikaitia katika karatasi safi, nikaenda Kibirizi. Nilikuwa nimemwona Feza mara nyingi kwa mbali. Alikuwa mama mtu mzima sasa, ana sehemu yake ya kuanikia dagaa, na alinikaribisha vizuri kabla hata sijajitambulisha.

"Shikamoo, Mzee. Wewe si Mzee Yohana wa posta?"

"Marahaba, mwanangu. Umenijuaje?"

"Baba alikuwa akikutaja." Akanifutia ndoo nikae. Yeye akaendelea kugeuza dagaa kwa fagio. "Nilivuka kwenda kumwuguza, nikamzika, karibu miaka saba sasa. Nilikaa naye mwezi wa mwisho."

Nikamwuliza baba yake alinitajaje. Nilitaka kusikia alivyonitukana, niliona matusi yangenirahisishia.

"Vizuri tu," akasema. "Alisema Yohana ni mtu wa posta, hawezi kukosea kwenye mambo ya stempu, na hakumpendelea hata kama walikuwa marafiki. Ila baada ya siku ile baba alianza kumchukia babu. Alisema: kama Yohana kasema stempu ilibandikwa baadaye, basi baba yangu ndiye aliyeibandika. Alitudanganya tangu mwanzo, labda hata Ujiji hakukaa, labda hata hilo jina si letu. Wadogo zangu wawili waliozaliwa kule ng'ambo, alikataa kuwapa jina la babu. Alipozidiwa padri alimwomba amsamehe baba yake. Akakataa. Alikufa hivyo."

Nilikuwa nimejiandaa kwa miaka. Nilikuwa na maneno yote. Nilifungua ile karatasi, nikamwonyesha, nikamweleza: bakuli, penseli ya wino, jino moja, benchi la ofisini. Sikuruka kitu. Alisimamisha fagio. Kunguru walishuka kwenye dagaa na hakuwafukuza.

Nilipomaliza alichukua stempu kwenye kiganja, akaisogeza karibu na macho, akautazama ule mhuri nusu. Kisha akanirudishia, akanikunjia vidole vyangu mwenyewe juu yake, kama mtu anavyompa mtoto kitu asikipoteze.

"Babu hakuwa mwongo," akasema.

"Hakuwa."

Akatazama ziwa, upande wa kule alikomzika baba yake.

"Sasa, Mzee," akasema, "habari hii nimpelekee nani?"